Wiki Tatu Baada ya Dawa za Kifua Kuisha

Mdogo wangu alipasuliwa moyo akiwa na miaka kumi na tisa. Homa ya utotoni, ile inayoanzia kooni na kushukia kwenye viungo, ilikuwa imemharibia vali moja ya moyo, na nyumbani hatukujua mpaka alipoanza kuishiwa pumzi akibeba ndoo ya maji. Alipelekwa Dar es Salaam akawekewa vali ya chuma. Alirudi Rujewa, kwetu Usangu, na kovu refu katikati ya kifua, na kidonge kimoja cha kumeza kila jioni kwa maisha yake yote.

Kidonge hicho ni warfarini. Kazi yake ni kuzuia damu isigande upesi, maana damu ikigusa chuma hupenda kuganda, na bonge likichomoka pale moyoni hukimbilia kwenye ubongo. Dawa ikipungua mwilini unapata kiharusi. Ikizidi, damu inavuja ndani kwa ndani. Kwa hiyo wanaoitumia hupimwa damu mara kwa mara, na majibu yanakuja kama namba. Yake ilitakiwa iwe kati ya mbili na nusu na tatu na nusu. Kwa miaka kumi na mmoja ilikaa hapohapo. Aliolewa, akalima mpunga na mumewe, akazaa binti mmoja kwa kuchomwa sindano karibu miezi yote ya mimba badala ya vidonge. Watu walimsahau kuwa mgonjwa.

Mimi ni mfamasia. Nafanya kazi kwenye dirisha la dawa la hospitali moja mjini Iringa, na ninaishi Ipogolo, chini ya mlima. Naanza kwa kulisema hilo ili isije ikaonekana kwamba sikuwa najua.

Mwaka ule wa kumi na mmoja alianza kukohoa, mwezi wa kumi. Alidhani ni vumbi la mashine ya kukobolea. Alipokonda hadi kitenge kikawa kinamvuka kiunoni, shemeji yangu alimpeleka akapimwa makohozi, wakakuta kifua kikuu. Alianzishiwa dawa za miezi sita. Alinipigia simu siku hiyohiyo, sauti yake ikiwa na nafuu ya mtu aliyepewa jina la kinachomsumbua.

"Dada, ni TB. Wamesema inapona."

"Inapona kabisa," nilimwambia. "Usiruke hata siku moja. Umewaambia kuhusu moyo?"

"Nimewaambia. Wamesema nikawaambie na wale wa moyo kule Mbeya."

"Basi nenda."

"Nitakwenda. Sasa hivi tunaandaa kitalu, mvua hizo zinakuja."

Nilitakiwa kumkatalia. Miongoni mwa dawa za kifua kikuu kuna moja nyekundu, rifampisini, na hakuna mfamasia asiyejua inavyoifanya warfarini. Lakini nilikuwa nimemwambia nenda, na nikajiridhisha kwamba mtu mzima akiambiwa nenda, anakwenda.

Katikati ya mwezi wa kumi na mbili alikuwa ameinama kwenye jaruba akipanda miche, mkono wa kushoto ukamwachia. Miche ikaanguka majini. Alijaribu kuiokota akaona vidole havimtii, na alipotaka kumwita mumewe maneno yakatoka kama ya mlevi. Ilichukua kama dakika kumi. Kisha mkono ukarudi, ulimi ukarudi, akacheka, akataka kuendelea kupanda. Shemeji yangu hakucheka. Alimtoa shambani na matope yake miguuni, akampeleka Mbeya.

Namba yake ilikuwa moja nukta mbili. Ni namba ya mtu ambaye hajameza kitu. Daktari alimuuliza kwa upole kama alikuwa ameacha dawa, naye akalia kwa kuona aibu ya kosa ambalo hakulifanya.

Nilifika kesho yake. Mbeya kulikuwa na baridi na mvua nyembamba isiyokoma, Mlima Loleza ukiwa umemezwa na mawingu. Nilimkuta wodini, amejifunika kitambaa cheupe kichwani, na kwenye ukingo wa kitambaa kulikuwa na madoa ya rangi ya chungwa. Nilidhani ni chakula. Kumbe alikuwa amefutia machozi. Rifampisini hutia rangi kila maji yanayotoka mwilini, mkojo, jasho, hata machozi.

"Nameza kila siku, dada," aliniambia kabla sijamsalimia. "Muulize mama. Muulize mtoto wangu."

"Najua unameza."

"Sasa dawa inakwenda wapi?"

Nilivuta kiti. Nilimweleza kama nilivyoweza, na leo nikikumbuka naona nilimweleza vizuri. Nilimwambia kwamba ndani ya seli za ini kuna protini zinazoitwa vipokezi vya kiini. Vipo vya aina nyingi mwilini na vingi ni vichaguzi, kila kimoja na homoni yake. Lakini kuna kimoja ambacho nafasi yake ya kupokea ni pana, kinaweza kushikwa na vitu vya maumbo mbalimbali, na kazi yake ni kugundua kemikali za kigeni. Kikishikwa na kemikali ya namna hiyo, kinakwenda kwenye vinasaba ndani ya kiini cha seli na kuamuru vimeng'enya vitengenezwe kwa wingi. Vimeng'enya hivyo ndivyo vinavyoikatakata ile kemikali ili itolewe nje, kwa choo au kwa mkojo.

"Rifampisini inakishika kwa nguvu sana," nilisema. "Ini lako sasa limejaa vimeng'enya. Na vimeng'enya havijui kilicholetwa na daktari wa TB na kilicholetwa na daktari wa moyo. Vinasafisha vyote. Warfarini yako inasafishwa kabla haijafanya kazi."

"Yaani ini langu linadhani dawa ya moyo ni sumu."

"Halidhani chochote. Linaona ni kitu cha kigeni tu."

Mwalimu wetu wa famakolojia chuoni alikuwa na maneno yake ya kila mwaka kuhusu jambo hili. Alikuwa mzee mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na alituambia, "Mwili haulijui neno dawa. Unajua changu na kisicho changu." Tulicheka kwa namna alivyogonga ubao. Alitueleza kwamba bila utaratibu huo binadamu asingeweza kuishi, kwa sababu kila mboga na kila mzizi tunaokula una kemikali zake, na babu zetu walikula mengi bila kuuliza. Kwenye mtihani niliandika jibu la swali hilo kwa kurasa mbili, nikapata alama zote.

Shemeji yangu alikuwa amesimama nyuma ya kitanda akitusikiliza. Aliuliza kama dawa ya kunyunyizia mpunga nayo inaliamsha ini hivyo. Nikamwambia baadhi ya viuatilifu, ndiyo. Akatikisa kichwa, akatazama mikono yake. "Basi sisi wote wa Usangu maini yetu hayalali," akasema.

Daktari wa Mbeya alijua kazi yake. Alimpa sindano za kuzuia bonge, akapandisha warfarini taratibu huku akimpima kila baada ya siku chache, kutoka kidonge kimoja hadi viwili, kisha viwili na nusu, mwisho vitatu kwa siku. Namba ikapanda ikatulia. Aliandika kwenye kadi yake kwa kalamu nyekundu kwamba dozi imepandishwa kwa sababu ya rifampisini. Na akasema mbele yetu sote, "Siku ukimaliza dawa za kifua, hii lazima ishuke tena. Ini litarudi lilivyokuwa. Vidonge vitatu bila rifampisini vitakuua."

Alisema hivyohivyo, vitakuua. Mdogo wangu alirudia kwa sauti ndogo, kama mtoto anayekariri.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri. Alinenepa. Kikohozi kiliisha. Kila mwezi alikwenda Mbeya kupima na kila mara alinitumia namba kwa ujumbe wa simu, namba peke yake bila salamu, nami nikajibu kwa neno moja, vizuri. Mpunga ulipoanza kutoa masuke alikaa shambani kutwa kuamia ndege, akipiga debe na kupiga kelele, na kwenye simu sauti yake ilikuwa imekauka kwa kelele hizo tu, si kwa ugonjwa.

Alimaliza dawa za kifua mwishoni mwa mwezi wa tano, mavuno yakiwa yamepamba moto. Kwenye kliniki ya TB walimpongeza, wakamfungia kadi. Mama alimchinjia kuku. Wiki moja baadaye, kama alivyoagizwa, alikwenda Mbeya kupima.

Siku hiyo daktari wake hakuwepo. Aliyekuwepo alikuwa mwingine, na kadi yenye wino mwekundu ilikuwa imejaa, wamempa mpya. Namba ilitoka mbili nukta tisa. Namba nzuri kuliko zote. Akaambiwa aendelee na vidonge vyake vitatu, arudi baada ya mwezi.

Safari hii hakunitumia ujumbe. Alipiga.

"Dada, mbili nukta tisa! Wamesema nisibadilishe kitu."

Nilikuwa dirishani, foleni ndefu mbele yangu, simu nimeibana kwa bega. Nilimsikia vizuri sana. Na katika kichwa changu, mahali fulani, jibu la kurasa mbili lilikuwepo: kwamba kipokezi kikikosa cha kukishika kinatulia, lakini vimeng'enya vilivyokwisha kutengenezwa havifi siku hiyo. Vinapungua polepole, wiki mbili, wiki tatu, wakati mwingine nne. Namba nzuri ya wiki ya kwanza haina maana yoyote. Ni ini la jana ndilo linalopimwa. Nilitakiwa kumwambia ashushe dozi kidogo, au arudi baada ya siku tano, na siku tano nyingine, mpaka itulie.

Nilisema, "Mungu mkubwa. Basi endelea hivyohivyo."

Nikamkabidhi mama mmoja dawa za malaria za mtoto wake, nikamweleza namna ya kuzimeza, nikaita anayefuata.

Yaliyotokea katikati niliyajua baadaye, kwa kuuliza. Wiki ya pili alitokwa na damu kwenye fizi alipopiga mswaki. Alimwambia binti yake kwamba mswaki ni mgumu. Kisha akawa na michubuko mapajani, mikubwa, myeusi inayoelekea kijani. Mama aliiona mdogo wangu alipokuwa akioga. Alimjibu kwamba ni magunia, amekuwa akiyasukuma kwa miguu kwenye mashine. Mama aliniambia kwamba hakuridhika, lakini wote walikuwa wakisukuma magunia, na hata yeye alikuwa na michubuko yake.

Hakuna aliyenipigia. Sikupiga mimi pia. Tulikuwa tumepona sote.

Wiki ya tatu, Jumanne asubuhi, alikuwa ameketi kwenye turubai akigeuza mpunga uliotandazwa juani. Alisema kichwa kinamuuma. Jirani akampa maji. Akasema kinauma kama kinapasuka, akashika sikio la kulia, akatapika, akajilaza palepale juu ya mpunga.

Nilipokea simu ya shemeji saa nne. "Shemeji, mdogo wako kaanguka. Tuko njiani tunakwenda Mbeya. Anaongea, lakini haongei vizuri."

"Anameza vidonge vingapi?" Ndilo swali lililonitoka, si pole wala nini.

"Vya moyo? Vitatu. Si ndivyo mlivyosema?"

Nilimwambia wakifika tu, kabla ya kitu kingine chochote, amwambie daktari maneno mawili, warfarini na rifampisini, na aseme rifampisini imeisha wiki tatu zilizopita. Nilimrudiarudia kama mwendawazimu. Nilipokata, msaidizi wangu alikuwa ameacha kazi akinitazama. Nilivua koti jeupe, nikatoka.

Kutoka Iringa hadi Mbeya ni saa nyingi. Mafinga, Makambako, kisha barabara inateremkia tambarare la Usangu. Basi lilipopita Igawa, njia panda ya kwenda kwetu, niliona kando ya barabara watu wakianika mpunga kwenye maturubai, nikafumba macho mpaka Chimala.

Nilifika jioni. Damu ilikuwa imevuja ndani ya ubongo upande wa kulia. Namba yake ilikuwa kubwa kupita uwezo wa mashine kusoma. Walikuwa wamempa vitamini K kwenye mshipa na wanamtundikia utegili wa damu, yale maji ya njano yenye vigandishi, na daktari wa zamani, yule wa kalamu nyekundu, alikuwa ameitwa, amesimama miguuni pa kitanda akiwa ameshika kadi mpya. Aliponiona alinitambua. Hakunilaumu na hakujitetea. Alisema, "Tumeshaanza kuirudisha, lakini iliyokwisha kuvuja imevuja."

Mdogo wangu alifungua macho mara moja. Nusu ya uso ilikuwa imeshuka.

"Dada."

"Nipo."

"Nilimeza zote," alisema. Kila neno lilimchukua muda. "Sikuruka."

"Najua. Hukuruka hata siku moja."

Alifariki Alhamisi saa sita mchana, huku mama akimsugua nyayo kwa sababu zilikuwa za baridi. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Tulimzika Rujewa. Watu walikuja wengi, wakulima, wafugaji, wenye mashine, kwaya nzima. Kila mwanamke aliyenikuta alinishika mikono yote miwili, kamwene, kamwene, salamu ya kwetu, pole, kazi ya Mungu. Nilijibu kama inavyotakiwa. Siku ya tatu, matanga yakianuliwa, shemeji yangu aliniomba tutembee hadi kwenye mfereji. Maji yalikuwa machache, mavuno yamekwisha. Alisimama na kunigeuzia uso.

"Shemeji, nikuulize. Siku ile aliyokupigia, ile ya mbili nukta tisa. Ulijua kwamba itapanda?"

Ningeweza kumwambia kuhusu kadi iliyobadilishwa. Ningeweza kumtaja daktari mgeni. Yote yalikuwa kweli.

"Nilijua," nilisema. "Nilijua na sikufikiri."

Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Hakupandisha sauti. "Mimi darasa la saba," akasema. "Nilikuwa nakutegemea wewe." Kisha akarudi kwa waombolezaji, akaniacha nikitazama tope.

Sijapata kujitetea tangu siku hiyo, na sitaki kutetewa. Mume wangu aliwahi kusema kwamba nilifanya kosa moja dogo. Nikamwomba asiliseme tena neno dogo ndani ya nyumba.

Nilichofanya kazini ni kitu kidogo kweli. Nina daftari. Kila mgonjwa anayechukua dawa za kifua kikuu kwenye dirisha langu namuuliza dawa nyingine anazomeza: za kifafa, za sukari, za moyo, vidonge vya uzazi wa mpango, vijiti vya mkononi. Naandika siku atakayomaliza. Akimaliza nampigia wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Wengine wanakasirika. Mzee mmoja wa kifafa, fundi wa baiskeli, aliniambia kwamba yeye amepona na mimi ndiye ninayemrudisha hospitali. Nikamwambia atukane anavyotaka, lakini aje. Alikuja, dozi yake ikashushwa, akaondoka bila kuniaga. Sijisikii vizuri zaidi kwa ajili yake. Kazi ni kazi.

Mwaka uliofuata nilikwenda Rujewa likizo. Shemeji alinipokea kwa heshima, akanipa chumba, akatoka kwenda shambani na kurudi akiwa amechoka, na mazungumzo yetu yakawa ya mvua. Ila binti yao, sasa ana miaka tisa, hakuwa na adabu za watu wazima. Alinikuta nimekaa mlangoni, akaja na ungo wa mchele, akaketi karibu yangu kuchambua mawe.

"Mama mkubwa, bibi anasema mama aliuawa na dawa. Baba anasema ni ini. Ni lipi?"

Nilimweleza, kwa maneno madogo zaidi kuliko nilivyomweleza mama yake. Kwamba ini lilikuwa linasafisha vitu vya kigeni kama linavyotakiwa. Kwamba dawa nyekundu ililifanya lisafishe kwa kasi, kwa hiyo tukaongeza dawa ya moyo. Kwamba dawa nyekundu ilipoisha ini likapunguza kasi, polepole, bila kumwambia mtu.

"Sasa ini lilikosea?"

"Hapana. Ini lilifanya kazi yake."

"Nani alikosea?"

"Mtu alitakiwa kumwambia mama apunguze vidonge, hakumwambia. Mtu huyo ni mimi."

Alitafuta jiwe kwenye mchele, akalipata, akalitupa uani. Kuku walisogea kuangalia kilichotupwa, wakaondoka.

"Unanizibia mwanga," akasema mwishowe.

Nikasogea.